Dzaleka: Jinsi fundi anavyoweza kuzuia gundi isigandie jiriwa na bolti zake

Kwa seremala anayefanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, jiriwa moja iliyogandiwa na gundi ni hasara isiyo ndogo. Kuikwepa hasara hiyo hakuhitaji vifaa vya ghali. Mshumaa, kipande cha nailoni na mpira wa baiskeli vinaweza kutosha, mradi fundi aamue mapema ni chuma kipi kitabaki ndani ya kazi na kipi kitaondoka.

Mbao tatu za paini zimepangwa ubavu kwa ubavu juu ya benchi ili ziwe uso wa meza. Fundi amezipaka gundi nyeupe, amezisukuma zikakutana, kisha amezibana kwa jiriwa mbili, vile vibanio vya chuma ambavyo wengine huviita klampu. Gundi iliyozidi imechuruzika kutoka kwenye maungio, ikapita chini ya taya za chuma na kuingia kwenye meno ya bolti inayokaza. Kazi imeachwa ilale hadi kesho.

Asubuhi jiriwa moja inafunguka. Ya pili haisogei. Fundi akiigonga kwa nyundo, inabanduka na ngozi ya mbao, na uso wa meza unabaki na kovu. Akiing'ang'aniza kwa spana, meno ya bolti yanakatika. Vyovyote atakavyofanya, kitu kimoja kitaharibika: kifaa chake au kazi ya mteja wake.

Mkasa huu huwapata mafundi popote duniani. Tofauti iko kwenye gharama ya kuurekebisha.

Jambo dogo, uzito mkubwa

Kambi ya Dzaleka iko wilayani Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka mji mkuu, Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa zama za utawala wa Kamuzu Banda. Ilipangwa ihifadhi watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha watu hao sokoni, kanisani, msikitini na katika karakana.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, iliweka masharti kuhusu vipengele kadhaa, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea. Matokeo yake ni kwamba mkimbizi hutakiwa kuishi kambini, na fursa zake za kufanya kazi nje ya kambi ni finyu. Kwa miaka mingi baadhi yao waliishi na kufanya biashara Lilongwe na kwingineko. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza warejee Dzaleka, na kuanzia mwezi Mei mwaka huo polisi walianza kuwaondoa mijini. Wapo waliorudi kambini wakiwa wamepoteza maduka na mali zao.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Bidhaa zinazoagizwa kutoka nje zilipanda bei, na katika maduka ya vifaa vya ujenzi vitu vingi vinatoka nje: jiriwa, skrubu, bolti, hata kopo la gundi lenyewe.

Kwa fundi aliye katika hali hiyo, zana ndiyo mtaji. Aliyepoteza jiriwa hawezi tu kuchepuka hadi dukani Lilongwe akarudi jioni na nyingine. Nauli ni gharama, safari yenyewe huhitaji ruhusa, na bei ya leo huenda si ile aliyoizoea. Ndiyo maana kulinda chuma dhidi ya gundi ni sehemu ya kulinda riziki.

Gundi hushika vipi?

Waswahili wa Afrika Mashariki huiita gundi, wengi wanaotoka Kongo huiita kole, na Wachewa huiita guluu. Kwa jina lolote lile, hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza, ikiwa bado majimaji, hulowanisha uso wa kitu na kupenya kwenye vinyweleo na mikwaruzo yake. Kisha hukauka au kuwa ngumu ikiwa imekwisha kujikita humo.

Hatua ya kwanza ndiyo ya kuamua. Gundi isipoweza kulowanisha uso, haiwezi kuushika. Anayetaka kulielewa hili na atazame tone la mvua juu ya jani la gimbi. Maji hayatandazi, hujikusanya kama shanga na kuteleza. Uso wa nta na uso wa nailoni hufanana na jani hilo: haupendi kulowana. Uso wa chuma ni kinyume chake. Vimiminika vingi hutandaa juu yake kwa urahisi, hasa kikiwa kisafi.

Chuma chenye kutu kina hatari nyingine. Kutu hufanya mashimo madogomadogo yasiyohesabika, na gundi huingia humo kama mizizi ya mti kwenye mwamba uliopasuka. Meno ya bolti nayo ni mfereji uliojizungusha. Gundi ikijaa ndani ya mfereji huo na kukauka, bolti haiwezi kuzunguka hata kama gundi yenyewe si kali.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini gundi nyeupe ya mbao, ambayo kwa kawaida haikishiki vizuri chuma laini na kisafi, huweza kuzuia jiriwa iliyozeeka. Katika hali hiyo gundi hukwama ndani ya chuma zaidi ya inavyokinata.

Swali la kwanza: kinabaki au kinaondoka?

Kabla ya kufungua kopo la gundi, fundi anafaa kuvitazama vyuma vyote vitakavyogusa kazi na kuuliza swali moja kwa kila kimoja: hiki kinabaki au kinaondoka?

Chuma kinachobaki ni kama skrubu itakayokaa ndani ya kiti maisha yake yote, au kipande cha chuma kinachounganishwa na mbao kwa gundi ya epoksi. Hiki kinatakiwa kishikwe. Husafishwa kutu kwa msasa, hufutwa mafuta na vumbi, na hakipakwi kitu chochote cha kuteleza mahali gundi inapopaswa kukamata.

Chuma kinachoondoka ni jiriwa, misumari na skrubu za muda, pamoja na bolti ambayo siku moja itafunguliwa. Hiki kinatakiwa kitenganishwe na gundi tangu mwanzo.

Makosa mengi hutokana na kuchanganya makundi hayo mawili. Fundi hupaka grisi kila mahali kwa kuogopa kunasa, kisha hushangaa maungio yakiachia baada ya mwezi mmoja. Mwingine huacha kila kitu kikavu, na asubuhi hukuta benchi, jiriwa na meza vimekuwa kitu kimoja.

Nailoni na mbao za kati

Njia nyepesi kuliko zote ni kuweka kizuizi kati ya chuma na mbao. Kipande cha nailoni kikilazwa juu ya mstari wa maungio, gundi inayochuruzika hukutana nacho badala ya kukutana na taya la jiriwa. Gundi nyeupe haishiki nailoni ya kawaida. Ikikauka, hubanduka kama ganda.

Malawi imechukua hatua za kupiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki, na kwa kazi hii mifuko hiyo haifai sana kwa vyovyote, kwa kuwa hujikunja na kuchanika. Nailoni nzito hufaa zaidi. Ile ya ndani ya mfuko wa mbolea, ikioshwa vizuri na kukaushwa, inaweza kukatwa vipande na kutumiwa tena na tena. Mbolea haina budi kuondolewa yote, kwa sababu chumvi zake huvuta unyevu na kuharakisha kutu.

Juu ya nailoni huwekwa kibao cha kati, yaani kipande cha mbao kati ya taya la jiriwa na kazi yenyewe. Kibao hicho hutawanya mkandamizo ili chuma kisiache alama, na huinua jiriwa iwe mbali na gundi. Fundi akikipigia nta mara moja, anaweza kukitumia muda mrefu.

Hesabu ya gundi nayo ina nafasi yake. Matone madogo yanayojipanga kwenye mstari wa maungio ni dalili kwamba gundi imetosha. Ikichuruzika kama jasho la mkulima wa tumbaku, imezidi. Inayozidi haiongezi nguvu; hutafuta tu pa kuganda.

Nta kwenye meno ya bolti

Kizuizi cha nailoni hakifai kwenye bolti, kwa sababu bolti inahitaji kuzunguka. Hapo nta ndiyo dawa. Nta ya nyuki ni nzuri, lakini mshumaa wa kawaida pia hufanya kazi. Husuguliwa ukiwa baridi kwenye meno ya bolti hadi mifereji yake ijae, kisha nati huzungushwa juu na chini mara mbili tatu ili nta isambae. Ile ya ziada hufutwa kwa kitambaa.

Hakuna haja ya kuyeyusha nta motoni. Nta iliyopashwa kupita kiasi huwaka, na karakana imejaa randa za mbao, thina na vanishi. Kuisugua kwa mkono kunatosha.

Jambo moja halina mjadala: nta hupakwa mbali na mbao, kabla gundi haijafunguliwa, na mikono huoshwa baada ya hapo. Nta haichagui. Ikiangukia mahali ambapo mbao mbili zinapaswa kushikana, itazuia gundi hapo pia, na vanishi haitakaa vizuri juu yake.

Kuna kifaa kingine kinachopatikana katika maduka mengi ya mabomba: ile tepu nyeupe, nyembamba, ambayo mafundi bomba huizungusha kwenye maungio ili maji yasivuje. Imetengenezwa kwa aina ya plastiki iliyogunduliwa mwaka 1938, ambayo ni miongoni mwa vitu visivyonatika kwa urahisi. Ndiyo inayopakwa pia kwenye vikaango visivyoshika chakula. Ikizungushwa kwa kuvutwa kidogo kwenye bolti itakayopita katikati ya maungio yenye gundi, hufuata meno na kuyafunika.

Kwa bolti nyembamba, mrija wa kunywea soda unaweza kuwa ala yake. Bolti huvikwa mrija, hupitishwa kwenye tundu, na gundi ikikauka bolti huchomolewa. Mrija ukibaki ndani, hutolewa kwa koleo.

Grisi na mafuta: rafiki wa chuma, adui wa mbao

Wapo wanaopaka jiriwa grisi, mafuta ya mgando au mafuta machafu ya injini. Ni kweli kwamba gundi haishiki kwenye chuma chenye mafuta. Tatizo ni kwamba mafuta hayatulii. Hushuka, hupakazwa na vidole, na hunywewa na mbao. Mbao iliyokunywa mafuta haipokei gundi, na madoa yake hujitokeza tena chini ya vanishi.

Dawa za kupuliza zenye silikoni ni mbaya zaidi katika karakana ya fanicha. Kiasi kidogo kabisa kikiangukia kwenye mbao, vanishi hujikunja na kufanya vijishimo vya mviringo ambavyo ni vigumu kuvifuta. Kwa hiyo grisi na iwekwe sehemu za jiriwa zilizo mbali na kazi, kama vile kwenye mshipi wa kukazia. Karibu na mbao, nta ndiyo salama zaidi.

Madoa meusi kwenye mlombwa

Ipo sababu nyingine ya kutenganisha chuma na gundi ya maji, nayo haihusu kunata. Miti kadhaa migumu ina tanini kwa wingi, ile asili inayotumika pia kulainishia ngozi. Chuma kikikutana na tanini palipo na unyevu, huzaa rangi nyeusi ya samawati, mfano wa wino. Gundi nyeupe ina maji mengi, kwa hiyo huleta unyevu unaohitajika.

Fundi aliyezoea paini ya misitu ya Viphya, kaskazini mwa Malawi, huenda asilione tatizo hili mara kwa mara. Akipewa kazi ya mlombwa, ambao Tanzania huitwa mninga, au mbao nyingine nzito na nyeusi, anapaswa kuwa macho. Jiriwa tupu ikilazwa juu ya gundi mbichi usiku mmoja inaweza kuacha mstari mweusi uliozama ndani kuliko msasa unavyofika. Mbao za namna hiyo ni ghali. Kipande cha nailoni chenye upana wa vidole vitatu kinaweza kuiokoa kazi nzima.

Kazi bila chuma

Wakati mwingine suluhisho ni kutokitumia chuma. Mpira wa ndani wa baiskeli, uliokatwa utepe mrefu, ni kibanio kizuri. Huzungushwa kwenye kazi huku ukivutwa kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko, na kila mzunguko huongeza mkandamizo. Gundi nyeupe ikiudondokea, hubanduka kwa kuuvuta tu. Hufaa sana kwa miguu ya viti na maungio ya mviringo ambayo jiriwa haiwezi kuyakamata.

Kabari nazo ni za kale na hazijapitwa na wakati. Vipande viwili vya mbao hupigiliwa kwenye ubao imara, kimoja kila upande wa kazi. Kabari mbili zinazoelekeana huingizwa kati ya kazi na kipande kimoja, kisha hugongwa kidogo kidogo hadi maungio yafunge. Chini ya kazi hutandikwa nailoni ili isigandie ubao wa kubania.

Kwa njia hizo, fundi mwenye jiriwa mbili anaweza kuzihifadhi kwa kazi ngumu, na kazi nyepesi akazifanya kwa mpira na kabari.

Kila gundi na tabia yake

Njia za kujikinga hutegemea gundi inayotumika.

Gundi nyeupe ya mbao hukauka maji yake yanapofyonzwa na mbao na kuruka hewani. Kwa kawaida kazi huweza kutolewa kwenye jiriwa baada ya muda kati ya nusu saa na saa moja hali ya hewa ikiwa nzuri, ingawa nguvu kamili hupatikana baada ya takriban saa 24. Kwa hiyo si lazima jiriwa ilale na kazi usiku kucha. Gundi iliyochuruzika ikifikia hali ya mpira, si maji wala si ngumu, huondolewa kwa patasi butu kwa urahisi.

Majira ya baridi yanahitaji subira. Mwezi Juni na Julai, usiku wa Lilongwe na Dowa unaweza kushuka hadi karibu nyuzi joto 10 au chini ya hapo. Katika baridi hiyo gundi nyeupe hukawia, na nyingine hukauka ikiwa nyeupe kama chaki, dalili kwamba haikushikana sawasawa. Ni bora kupaka gundi asubuhi jua linapopanda kuliko jioni.

Epoksi, ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, ni jambo jingine kabisa. Haihitaji kukauka, hubadilika kikemia na kuwa ngumu, na hukishika chuma kwa nguvu sana. Hapa chuma kinachoondoka hakiwezi kuachwa bila kinga hata kidogo. Kila bolti ipakwe nta, na kila taya litenganishwe kwa nailoni. Ikiwa bolti si ndiyo inayobana kazi, fundi anaweza kuizungusha robo mzunguko epoksi inapoanza kuwa ngumu, ili asikie kama bado inatembea.

Gundi za poliurethani huvimba na kutoa povu zinapokauka, kwa hiyo hufika mahali ambapo mtu hakutarajia. Kizuizi chake lazima kiwe kipana zaidi.

Kwa gundi yoyote mpya, majaribio ya usiku mmoja huondoa shaka. Msumari mkuukuu hupakwa nta, mwingine huachwa kama ulivyo. Yote miwili hupakwa gundi na kulazwa juu ya kipande cha mbao. Asubuhi fundi atajua kwa mkono wake kinga yake ina thamani gani.

Kitanda kinachopaswa kufunguka

Pengine hakuna mahali ambapo swali la kubaki au kuondoka lina maana zaidi kuliko kwenye kitanda. Vitanda vingi vya mbao hujengwa ili vifunguliwe: kichwa, miguu na mbavu mbili, vikiunganishwa kwa bolti na nati. Ndivyo kinavyopita kwenye mlango mwembamba, na ndivyo kinavyopandishwa juu ya gari.

Kwa watu waliohama zaidi ya mara moja, hilo si jambo la anasa. Familia iliyolazimika kuondoka mjini mwaka 2023 ilihitaji kubeba ilichoweza kubeba. Familia iliyopata nafasi ya kuhamia Kanada au Australia huuza fanicha zake kabla ya safari, na mnunuzi hutaka kitanda atakachoweza kukihamisha. Kitanda ambacho bolti zake zimegandiwa na gundi hukatwa kwa msumeno, na baada ya hapo hakina bei.

Fundi anayejenga kitanda cha aina hiyo anafaa kutumia gundi kwenye maungio ya kudumu ya kichwa na miguu pekee. Sehemu za bolti huachwa bila gundi kabisa. Gundi na ikauke kwanza, ndipo bolti ziingizwe. Ikibidi kuweka bolti wakati gundi ingali mbichi ili sehemu zikae sawa, basi zipakwe nta, zikazwe kiasi cha kushika tu, kisha zifunguliwe mara moja kabla ya kazi kuondoka karakanani. Mafuta ya rangi na vanishi hayana budi kukingwa yasiingie kwenye matundu, kwa maana nayo hugandisha bolti kama gundi.

Ikiwa imekwisha kunata

Kinga ikishindikana, nguvu si jibu la kwanza.

Gundi nyeupe hulainika kwa joto na maji. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya moto na kukamuliwa huwekwa juu ya mahali palipoganda kwa dakika kadhaa, kisha jiriwa husogezwa taratibu. Siki ya moto huongeza nguvu ya kulainisha. Baadaye chuma kioshwe na kukaushwa, kwa kuwa siki huanzisha kutu. Maji yasimwagwe ovyo kwenye maungio yenyewe, yasije yakaachia.

Epoksi ambayo bado haijawa ngumu hufutwa kwenye chuma kwa kitambaa chenye siki. Ikiwa imekwisha kuwa ngumu, joto ndilo tegemeo. Ncha ya chuma cha kulehemu waya wa umeme ikiwekwa juu ya kichwa cha skrubu kwa dakika moja au mbili, joto hushuka hadi kwenye meno na kuilainisha epoksi, na bisibisi huweza kuizungusha. Kazi hiyo ifanywe penye hewa ya kutosha, kwa sababu epoksi iliyopashwa moto hutoa moshi wenye madhara.

Hadhari kama hiyo inahusu gundi ya njano inayotumiwa na mafundi viatu na mafundi makochi. Mvuke wake huwaka kwa haraka na huumiza mapafu na kichwa. Isifunguliwe karibu na jiko la mkaa, wala katika chumba kimoja na watoto waliolala.

Mtaji unaolindwa kwa mshumaa

Jiriwa iliyotunzwa hudumu miaka mingi. Mwisho wa kazi hukwanguliwa gundi iliyobaki, husuguliwa kutu kwa msasa mlaini, hupakwa nta na kutundikwa pakavu, hasa majira ya mvua, kati ya Novemba na Aprili. Dakika tano hizo ni nafuu kuliko safari ya kwenda mjini kutafuta nyingine.

Dzaleka ina mashirika yanayotoa mafunzo ya ufundi kwa wakimbizi na kwa wenyeji wa Dowa, na ina mafundi waliojifunza kazi Bukavu, Uvira, Bujumbura au kwenye karakana ya jirani. Wote hukutana kwenye benchi moja, na mwanafunzi hujifunza kwa kutazama. Anayemwona fundi wake akisugua mshumaa kwenye bolti kabla ya kufungua gundi atafanya vivyo hivyo bila kuambiwa.

Naye mteja, anayekuja jioni kuichukua meza yake, hataona nta wala nailoni. Ataona uso ulionyooka usio na kovu. Fundi atabaki na jiriwa zake mbili, tayari kwa kazi ya kesho.